Kwa Nini Usafi Unahitaji Tarehe

Kuna swali la zamani ambalo waumini na wanafalsafa wameliuliza kwa namna nyingi, nalo ni hili: wajibu utekelezwe pale mtu anapouhisi, au pale saa yake inapofika? Wapo wanaosema kwamba sala inayosubiri adhana, toba inayosubiri Kwaresima na hesabu ya nafsi inayosubiri jioni ni mazoea matupu, na kwamba Mungu, au dhamiri, hutaka kitendo kinachobubujika chenyewe moyoni. Hoja hiyo ina mvuto, na walioishika si watu wepesi. Mimi naamini imekosea, na nataka kuonyesha ilipokosea kwa ushahidi kutoka mahali ambapo wanateolojia hawapiti: kipande cha chuma kisichozidi upana wa vidole vichache, ndani ya injini ya pikipiki ya theluji, ambacho mafundi wa Kanada, Marekani ya kaskazini na Skandinavia hukitoa na kukisugua msimu hadi msimu. Kinaitwa vali ya nguvu. Nimekichagua kwa sababu namna kinavyochafuka inafunua jambo kuhusu uzembe ambalo mahubiri mengi hayaligusi, na kwa sababu kwenye chuma hoja inaweza kupimwa, jambo ambalo kwenye moyo ni gumu.

Injini ya mapigo mawili haina vali kichwani kama injini ya gari. Hewa na petroli huingia, na moshi hutoka, kupitia matundu yaliyokatwa kwenye ukuta wa silinda. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayoyafunika na kuyafunua. Mpango huo, ambao Mwingereza Joseph Day aliuombea hataza mwaka 1891, unastaajabisha kwa urahisi wake, na ndio unaoifanya injini iwe nyepesi na yenye nguvu kupita umbo lake. Wavuvi wa pwani yetu wanaoendesha boti kwa mashine za kuchanganyia oili wanaujua vizuri. Una tatizo moja. Tundu la kutolea moshi likikatwa juu, pistoni hulifunua mapema inaposhuka. Hilo linafaa injini inapozunguka kama mara 8,000 kwa dakika, kwa kuwa muda wa moshi kutoka ni mfupi mno. Kwa mwendo wa polepole tundu hilohilo ni hasara: msukumo wa mlipuko unatoroka kabla haujamaliza kuisukuma pistoni, na sehemu ya petroli mbichi inaufuata moshi nje. Tundu likikatwa chini, nguvu ya kuondokea inapatikana na ya kasi inakosekana. Kwa miongo mingi wabunifu walilazimika kuchagua moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yamaha iliweka kwenye pikipiki zake za mashindano kifaa cha kubadilisha kimo cha tundu hilo injini ikiwa inafanya kazi, na wengine wakafuata: katika pikipiki za theluji, Rotax inayotengeneza injini za Ski-Doo iliita chake RAVE, Polaris ikakiita VES, Arctic Cat ikakiita APV. Katika muundo wa Rotax ulioenea kwa miaka mingi, vali ni ubapa unaoteleza kwenye ufa juu ya tundu la moshi. Springi huusukuma ndani, na tundu likawa fupi. Kasi ikipanda, msukumo wa moshi hupita kwenye kijia chembamba hadi kwenye mvukuto wa mpira, mvukuto ukavimba, springi ikashindwa, ubapa ukarudi nyuma na tundu likarefuka. Dereva hagusi chochote. Injini inajirekebisha yenyewe, na kwa macho yangu huu ni mmoja wa ubunifu mzuri zaidi uliowahi kuwekwa kwenye mashine ndogo.

Sasa tuje kwenye uchafu. Injini hii haina oili inayokaa chini ya kranki shafti mwaka mzima. Oili yake huingia pamoja na petroli, ikalainisha, ikaungua, ikatoka. Haiungui yote. Inayobaki, ikikutana na joto la mlango wa moshi, hugeuka utomvu mweusi unaonata, na baadaye ukoko mgumu unaoshika ubapa na ufa wake. La kuangaliwa hapa ni chanzo chake. Juu ya theluji hakuna vumbi la barabarani. Si lazima petroli iwe imechakachuliwa wala fundi awe ameharibu. Uchafu huu umetokana na oili ileile ambayo bila yake pistoni ingekwama kwenye silinda kwa muda mfupi. Kinachoilinda injini ndicho kinachoiziba. Mara nyingi tunausimulia uovu kama mvamizi anayetoka nje ya kuta zetu, lakini mapokeo yaliyo makini husema zaidi ya hapo. Sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, inaposema juu ya kutu iliyofunika nyoyo, inaitaja kutu hiyo kuwa ni matokeo ya waliyokuwa wakiyachuma watu wenyewe. Naomba tulipeleke wazo hilo mbele kidogo. Muuguzi hujifunza kuzuia machozi ili mkono wake usitetemeke mbele ya mgonjwa, naye anafanya vyema. Miaka kumi baadaye huenda akagundua kwamba hasikii tena kilio. Hakimu hujifunza kutomwamini kila anayelia kizimbani, kwa kuwa haki inamtaka hivyo. Siku moja anajikuta hamwamini yeyote. Hawa hawakupotoshwa na mtu. Walizibwa na kilichokuwa kinawalinda kazini, na kwa hiyo kuwaambia wakae mbali na uovu hakuwasaidii chochote.

Kusafisha vali kwenyewe si kazi kubwa, ila ina adabu yake. Injini iwe imepoa. Fundi hufungua kibano, akatoa kifuniko na springi, akaushusha mvukuto, akafungua boliti za nyumba ya vali na kuuvuta ubapa nje. Ukitoka kwa kusita, hapo tayari ameshapata habari. Huulowesha kwenye mafuta ya kusafishia vipuri, akausugua kwa brashi laini, maana kukwangua kwa bisibisi huacha mkwaruzo, na kwenye mkwaruzo ndipo ukoko wa msimu ujao unaposhikia. Husafisha ufa unamopita ubapa, kisha kijia cha msukumo, ambacho wengi hukisahau kwa sababu hakionekani. Huunyanyua mvukuto kwenye mwanga na kuunyoosha kwa vidole, kwa kuwa tobo la sindano tu linatosha kuuzuia kuvimba, na hapo ubapa safi kabisa utabaki umelala. Gasketi ikiwa imechoka huwekwa mpya. Mwisho huurudisha ubapa kwa upande wake sahihi, kwani ncha yake imekatwa kufuata mviringo wa silinda, na ukigeuzwa unaweza kufika mahali pa pistoni. Huusukuma kwa kidole kuona kama unateleza, kisha anahamia silinda ya pili. Gharama ni saa chache na chupa ya mafuta.

Hoja yangu yote inaanzia kwenye jambo moja: vali iliyonata haizimi injini. Plagi ikifa, injini inakohoa. Mkanda ukikatika, mashine inasimama. Petroli ikiisha, kila mtu anajua. Vali ikinata ndani, mashine inawaka asubuhi kama kawaida, inaondoka vizuri, ila haifiki kilele chake. Ikinata nje, inaondoka kwa uvivu lakini kasi inapatikana. Na hainati siku moja. Inaanza kwa kuchelewa kidogo kufunguka, halafu inafunguka bila kumaliza, huku mambo mengine mengi yakibadilika kando yake. Theluji ya jana ilikuwa kavu, ya leo imelowa na inavuta. Njia imepanda mlimani, na kila mita 300 za kupanda huigharimu injini karibu asilimia 3 ya nguvu kwa sababu hewa ni haba. Mkanda umelika. Mzigo nyuma umeongezeka. Kila upungufu una mshukiwa aliye karibu zaidi, na mwenye mashine anaweza kubadilisha mkanda, kurekebisha klachi na kulaumu petroli ya kituo fulani kabla hajawaza kufungua boliti mbili zilizo upande wa moshi.

Huu si udhaifu wa wapumbavu. Ernst Heinrich Weber, mwanafiziolojia wa Leipzig aliyeishi kati ya 1795 na 1878, alionyesha kwa majaribio ya kunyanyua mizigo kwamba hisi zetu huitambua tofauti kwa kuilinganisha na kilichopo tayari. Chini ya kiwango fulani tofauti ipo, lakini hakuna anayeihisi. Upungufu unaokuja kwa hatua ndogo kuliko kiwango hicho unaweza kufika mbali bila hata hatua moja kugunduliwa. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Weber, Eubulides wa Mileto alikuwa ameuliza fumbo la lundo: punje moja ya nafaka si lundo, na kuongeza punje moja juu ya kisicho lundo hakukifanyi kuwa lundo, basi lundo linaanza wapi? Wanafunzi wa mantiki hulichukua kama mchezo wa kukaza akili. Kwenye vali si mchezo. Hakuna safari hata moja inayoichafua. Safari ya leo imeongeza utando usioonekana, ya jana vilevile, na ukimuuliza dereva ni safari ipi iliyoifanya vali chafu, hawezi kuitaja, kwa kuwa haipo. Anayesema atasafisha siku itakapochafuka ameahidi kuamka siku isiyo kwenye kalenda. Ahadi yake ni ya kweli, nia yake ni njema, na haitatimia.

Aristotle aliweka mizani ya tendo jema katika utambuzi wa mtu mwenye busara, anayeona lipi lifanywe na lini. Namheshimu kwa hilo, lakini utambuzi huo unadai sharti moja: kwamba jicho linalotazama halififii pamoja na kinachotazamwa. Dereva anailinganisha mashine ya leo na ya wiki iliyopita, nayo ya wiki iliyopita ilikwisha pungua. Mtu anayepima upole wake wa mwezi huu kwa upole wake wa mwezi uliopita atajikuta yuleyule, mwezi baada ya mwezi, mpaka watoto wake wazoee kunyamaza anapoingia nyumbani. Hapo ndipo thamani ya tarehe inapoonekana. Tarehe inatoka nje ya kile kinachochakaa, na kwa hiyo haichakai nacho. Sala tano za Waislamu zimefungwa kwenye mwendo wa jua, na jua halichelewi kwa sababu moyo wa mtu umekuwa mzito. Sabato inakuja siku ya saba, awe mtu amechoka au hajachoka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, iliugawa mchana na usiku wa watawa kwa vipindi vya sala ambavyo havikungoja mtawa ajisikie kusali. Sioni katika hayo dharau kwa moyo. Naona watu waliouelewa moyo vizuri kiasi cha kutouachia kazi ya kujipigia kengele.

Atakuja fundi mzoefu aseme: mimi nahisi, sikio langu linaniambia. Namwamini kwa sehemu. Sikio lililosikiliza injini mia moja linajua zaidi kuliko la mwenye moja, hasa kwa sababu linalinganisha mashine hii na mashine nyingine, wala haliilinganishi na jana yake peke yake. Lakini angalia amekubali nini: kwamba kipimo kizuri ni kile kinachotoka nje ya mashine. Ndiyo maana muumini huhitaji sheikh, padri, mchungaji au rafiki mwaminifu. Mwenye injini moja, ambaye ni karibu kila mtu, hana sikio hilo. Wengine watasema teknolojia imelimaliza tatizo: injini mpya zinaendesha vali kwa mota au kwa amri ya kompyuta, oili za kisasa zinaacha masizi machache, na viwango kama JASO FD vya Japani hupima pia uwezo wa oili kuiweka injini safi. Ni kweli, na ni maendeleo mema. Yamerefusha muda kati ya usafi mmoja na mwingine. Hayajaufuta, kwa kuwa maadamu oili inaungua, kitu kitabaki.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wataalamu wa matengenezo wenyewe, na ningejidanganya kama ningelipita haraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanabiolojia C. H. Waddington alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioishauri Coastal Command, kikosi cha jeshi la anga la Uingereza kilichowinda nyambizi. Walipochunguza kumbukumbu za ndege waliona jambo la kushangaza: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zikapungua taratibu hadi ukaguzi uliofuata. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta madhara. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliandika ripoti kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyoonyesha kwamba, kati ya vipuri vya ndege walivyovichunguza, ni kama asilimia 11 tu vilivyokuwa na dalili ya kuchakaa kadiri umri unavyokwenda. Vilivyobaki havikupata faida yoyote kwa kubadilishwa kwa kufuata tarehe. Kwa lugha ya kawaida: kisichoharibika usikitengeneze. Na vali ya nguvu ina hatari hiyohiyo, maana anayeifungua bila sababu anaweza kupasua mvukuto, kudondosha uchafu ndani ya silinda, au kuurudisha ubapa kinyume. Mtu wa dini anayejichunguza kila saa naye anaweza kuugua kwa kujichunguza. Mapokeo ya Kiislamu yanawakumbuka watu watatu waliotaka mmoja afunge daima, mwingine asali usiku kucha, wa tatu asioe. Mtume aliwakataza, akiwaambia kwamba yeye mwenyewe hufunga na kufungua, husali na kulala, na huoa.

Ninaukubali ushahidi huo wote, na ninadai kwamba unasimama upande wangu. Nowlan na Heap hawakuhitimisha kwamba ratiba zifutwe. Walitaka kila kipuri kiulizwe kwanza kinaharibika kwa njia gani, na wakatenga hitilafu zinazojionyesha kwa wanaoendesha ndege kutoka kwa zile zilizofichika. Kwa zilizojionyesha, mara nyingi inatosha kungoja. Kwa zilizofichika, walisisitiza, lazima pawe na wakati uliopangwa wa kwenda kuangalia, kwa kuwa hakuna kitakachomwita mtu. Waliofanya kazi kubwa ya kuvunja ratiba zisizo na maana ndio waliothibitisha kwa nini baadhi ya ratiba haziepukiki. Ukoko wa vali una sifa mbili zinazoiweka upande huo: unaongezeka kwa matumizi, na haujitangazi. Taa ya mbele haina sifa hizo, na mtu anayebadilisha taa nzima kwa tarehe anapoteza fedha. Vivyo hivyo katika maisha ya mwadilifu. Tusi lililotamkwa sokoni halihitaji kungoja jioni. Linaonekana, na msamaha uombwe papo hapo. Ugumu wa moyo, ubahili uliokua kwa kidogokidogo, imani iliyobaki maneno, upendo wa ndoa uliogeuka kuwa mpangilio wa nyumba, hivi ndivyo vinavyotaka siku maalumu, kwa sababu havitamgongea mtu mlango.

Linabaki pingamizi la kiroho, nalo ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Tarehe huua nia, wanasema. Anayefanya jambo kwa kuwa siku imefika huishia kulifanya kwa mikono huku moyo uko pengine, na manabii kama Isaya na Amosi walizikemea sikukuu na sadaka za watu wa namna hiyo kwa maneno makali. Marafiki, wale wanaojulikana kama Quaker, waliojitokeza Uingereza katika karne ya 17 na George Fox miongoni mwa viongozi wao, walilichukua kemeo hilo hadi mwisho: waliacha sikukuu zilizopangwa na sala zilizoandikwa, wakakaa kimya wakimngoja Roho awape neno. Ushuhuda wao kuhusu vita na utumwa unatosha kuonyesha kwamba hawakuwa wanatafuta urahisi. Lakini hata wao walikutana siku inayojulikana na saa inayojulikana. Waliuacha uhuru wa Roho uamue nani aseme na nini kisemwe. Hawakuziachia hisia za kila mmoja uamuzi wa kama watu wakusanyike. Nchini Kenya, ambako wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambako leo kuna Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, ibada yao ina mpangilio, nyimbo na mahubiri. Walioikataa tarehe kwa msimamo mkali kuliko wote hawakuweza kuishi bila kiini chake.

Hata hivyo kemeo la manabii halijajibiwa kwa kuwaonyesha Marafiki wana saa. Ibada tupu ipo, na usafi mtupu wa vali upo. Fundi anaweza kuifungua kwa kuwa mwongozo umesema, akapangusa sehemu inayoonekana, akakiacha kijia cha msukumo kimeziba, akafunga na kuandika kwenye daftari kwamba kazi imefanyika. Mashine yake sasa ni mbaya kuliko ya asiyesafisha, maana daftari linashuhudia uongo. Ninachosema ni kwamba tarehe haikuwahi kudai kuwa ndiyo usafi. Inampeleka mtu mahali ambapo usafi unawezekana, akiwa na kifuniko kimefunguka na ubapa mkononi, na hapo akaamua kuangalia au kutoangalia. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipanga jambo hili vizuri katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din: asubuhi mtu aipe nafsi yake masharti, mchana aichunge, jioni aihesabie faida na hasara. Nyakati ni za kudumu. Uchunguzi unaofanyika ndani yake ni wa kweli au si wa kweli kwa kadiri ya anayeufanya. Asiye na wakati hana hata nafasi ya kufanya unafiki huo, na wengine huiona hiyo kuwa sifa. Kwangu mimi mtu aliyefika mbele ya vali akiwa amechoka na kuzembea ana tumaini kubwa kuliko aliyeko nyumbani akingoja kuguswa, kwa kuwa wa kwanza yuko umbali wa mtazamo mmoja tu kutoka kwenye ukweli.

Huenda msomaji akauliza kama inafaa kutumia maarifa haya yote kwa mashine inayoonekana kuwa ya starehe, inayochafua hewa. Sitetei moshi wake. Injini za zamani za kabureta zilitema nje robo hadi theluthi ya petroli bila kuungua, na Marekani ilifanya sawa kuzibana katika hifadhi ya Yellowstone. Ila si starehe kwa wote. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, aliyeleta Ski-Doo sokoni mwaka 1959, alimpoteza mwanawe mdogo majira ya baridi ya 1934 kwa kuwa theluji iliwazuia kumfikisha hospitali. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Pertti Pelto aliandika jinsi mashine hizi zilivyobadilisha maisha ya Wasami wa Sevettijärvi, Finlandi, wafugaji wa kulungu wa baridi. Kwa watu wa namna hiyo, nguvu iliyopungua bila kelele inaweza kukosekana siku ambayo mtu mwingine anaitegemea. Hilo nalo linapaswa kuingia katika hesabu yetu ya uzembe: asiyesikia upungufu wake mwenyewe mara nyingi si yeye wa kwanza kuulipia.

Muda wenyewe uwe wa urefu gani? Hapa sipendi ushupavu. Miongozo ya watengenezaji hutoa vipindi, na desturi ya wengi ni angalau mara moja kwa msimu. Lakini kipindi cha kwanza ni makisio, na vali yenyewe ndiyo inayoyasahihisha. Ikitoka karibu safi, kipindi kinaweza kurefushwa. Ikitoka imefunikwa ukoko, kifupishwe, au aina ya oili itazamwe. Ratiba inayokubali kusahihishwa na inachokikuta ni tofauti kabisa na ratiba inayofuatwa kwa hofu, na kijana aliyefundishwa tarehe bila sababu yake hatajua kuitofautisha. Siku atakapochoka ataiacha yote. Kwa hiyo ninawaomba walimu wa madrasa, wa shule za Jumapili na wa vyuo vya ufundi: mnapompa mwanafunzi siku ya kufanya jambo, mwonyesheni pia ni uchafu gani unaokusanyika kati ya siku hiyo na inayofuata, na kwa nini hatauhisi.